Adabu ya Tajiri kwa Mwenzi wa Njia: Kuajiriwa kwa Kirangozi na Wapagazi katika Misafara ya Kale

Mtu atokaye Njombe kwenda Ludewa hupita Mlangali, katika nchi ya Wapangwa, juu ya milima ambayo upande wake wa magharibi huteremkia Ziwa Nyasa. Njia hiyo leo ni ya motokaa. Zamani kila kitu kilichopanda kutoka ziwani kilipanda begani au kichwani mwa mtu, na kila mgeni aliyetaka kuvuka milima ile alihitaji kwanza mtu wa kumwonyesha njia na watu wa kumchukulia vyombo vyake. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka wa 1914, lakini nyanda hizi za kusini zilikaa bila reli mpaka ilipojengwa ile ya TAZARA, ipitayo Makambako, kati ya mwaka wa 1970 na 1975. Kwa hiyo mambo nitakayoyaeleza hapa, ambayo mahali pengine yamekuwa ya vitabuni tu, huku yalikawia zaidi kutoweka. (Msomaji asichanganye Mlangali ya Upangwa na Malangali ya upande wa Mufindi, mahali palipopiganwa vita mwezi wa Julai 1916 na ambapo baadaye paliwekwa shule maarufu. Majina haya mawili yamewapoteza wengi katika kusoma ramani na taarifa za zamani.)

Nia ya makala haya ni kuchunguza jambo moja ambalo waandishi wa historia ya misafara hulipita haraka, yaani wajibu wa yule aliyeajiri. Habari za mpagazi zimeandikwa kwa wingi: uzito wa mzigo wake, nyimbo zake, kutoroka kwake. Lakini mkataba una pande mbili. Mtu aliyemwajiri mwenzi wa njia alitakiwa naye awe na adabu zake, na adabu hizo zilijulikana, zilihesabiwa, na aliyezivunja alilipa. Hazikuandikwa katika sheria yoyote. Zimebaki katika maneno, na kwa kuwa maneno hayo mengi tungali tunayatumia kwa maana nyingine, yafaa tuyafuate mpaka tulikoyatoa.

Tuanze na jina la mwajiri mwenyewe. Katika Kiswahili cha misafara aliitwa tajiri. Asili ya neno hili ni Kiarabu, na huko maana yake ni mfanya biashara. Kwa wapagazi lilikuwa na maana ya mtu mwenye mali inayochukuliwa, ambaye kwa sababu hiyo ndiye mwenye deni la ujira. Maana hii haijafa. Dereva wa Tanzania hata leo humwita mwenye gari tajiri wake, ijapokuwa mwenye gari huyo pengine amekopa hata fedha za matairi. Mtu akisikia neno hili bila kuijua historia yake atadhani ni sifa ya ukwasi tu, kumbe ni jina la uhusiano: tajiri ni tajiri wa mtu fulani. Mbele ya tajiri walikuwapo kirangozi, yaani kiongozi wa njia. Wanyampara, wazee waliosimamia makundi ya watu. Na wapagazi wenyewe. Mpagazi ametokana na kitenzi kupagaa, kuchukua begani, ambacho siku hizi twakisikia zaidi katika habari za pepo, tunaposema kuwa mtu amepagawa.

Sharti la kwanza la adabu lilikuwa kupatana waziwazi kabla ya kuondoka. Pwani, katika miaka ya 1870, ujira uliozoeleka wa mpagazi wa Unguja katika misafara ya Wazungu ulikuwa riali tano kwa mwezi, na wa mnyampara ulifika riali kumi au ukazidi. Sehemu ya ujira ilitolewa mbele, mara nyingi kwa hesabu ya miezi kadhaa. Malipo haya ya kutangulia, ambayo katika biashara huitwa arubuni, Wazungu wengi waliyalalamikia wakisema kuwa yalimfanya mtu atoroke. Sidhani kuwa waliyaelewa. Mtu aendaye bara kwa mwaka mzima au zaidi huacha nyuma mke, wazazi na wadai, na wengine waliacha bwana pia. Fedha ya mbele ilikuwa ya nyumbani. Iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe akirudi. Tajiri aliyekataa kutanguliza alikuwa anamtaka mtu aanze kazi akiwa na aibu mlangoni pake. Kitenzi kurubuni, ambacho sasa ni kumvuta mtu kwa hila, yaelekea ni ndugu ya arubuni, na kama ndivyo basi lugha imehifadhi wasiwasi wa upande mmoja tu wa mkataba.

Hapa ni lazima kusema wazi kuwa si kila aliyepatana alikuwa huru. Wapagazi wengi wa Unguja na Mrima walikuwa watumwa waliopewa ruhusa na mabwana zao kutafuta kazi, na bwana alitwaa sehemu ya ujira, mara nyingi nusu. Neno kibarua, yaani barua ndogo, limebaki kutoka katika kazi ya kukodiwa ya namna hiyo. Misafara ile ile iliyokuwa na wapagazi wa kulipwa ilichukua pia watu waliofungwa minyororo. Asiyekumbuka haya ataiona adabu ninayoieleza kuwa wema, nayo haikuwa wema. Ilikuwa desturi ya kazi, na iliheshimiwa kwa kadiri mtu wa kazi alivyoweza kuilazimisha.

Aliyeweza zaidi kuilazimisha alikuwa Mnyamwezi. Wanyamwezi walisafiri kwenda pwani kwa biashara yao wenyewe, wakiwa na viongozi wao, na hata walipochukua mali ya wengine walikwenda kwa taratibu walizozileta kwao. Maneno kirangozi na mnyampara yametoka katika lugha za bara, nayo yaliingia katika Kiswahili pamoja na desturi zake. Hili si jambo dogo kwa mchunguzi wa lugha. Tumezoea kusikia kuwa Kiswahili kilikwenda bara kikafundisha. Katika mambo ya msafara kilikwenda bara kikafundishwa.

Richard Burton, aliyepita njia ya kati katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwa urefu habari za kirangozi. Alimwona amevaa kitambaa chekundu, kichwani amejivika ngozi ya mbega au ya mnyama mwenye madoa, na mzigo wake ni mwepesi kuliko wa wenzake. Nyuma yake ndipo zilipofuata bendera, ngoma na baragumu, kisha wenye pembe za ndovu, kisha wenye nguo na shanga. Penye njia panda kirangozi aliifunga ile isiyotakiwa kwa kuweka tawi, ili walio nyuma wasipotee. Na palikuwa na mwiko mmoja ambao Burton aliushika vizuri: hapana mtu aliyeruhusiwa kumtangulia. Mpagazi aliyempita kirangozi alinyang'anywa mshale katika podo lake, naye aliukomboa kwa kutoa zawadi baada ya kufika.

Mwiko huu ulikuwa mgumu kwa tajiri mgeni. Mzungu aliyetoka kwao akiamini kuwa anaongoza msafara alijikuta anafuata. Alikuwa na saa, dira na ramani, lakini saa ya kuondoka, mahali pa kutua na siku ya kupumzika yalitegemea sana kauli ya mtu aliyevaa ngozi ya mbega. Wengine walighadhibika wakaandika kurasa nyingi juu ya uvivu na ukaidi. Wachache walitambua kuwa kirangozi alikuwa amekodiwa kwa ajili ya kauli hiyo hasa, na kuwa tajiri anayeinunua elimu ya mtu kisha asiisikilize anapoteza fedha yake mara mbili. Kirangozi alijua maji yako wapi na nani ana njaa mwaka ule. Pia alijua jumbe yupi huchukizwa na nini, na jambo hilo latupeleka kwenye hongo.

Hongo, katika Kiswahili cha wakati ule, ilikuwa haki ya mwenye nchi. Msafara ulipoingia katika himaya ya mtu ulipeleka nguo au shanga, ukapatana, ukapewa ruhusa ya maji na njia. Mapatano yalichukua siku, na wenye kusema maneno walikuwa watu wa msafara walioijua lugha na heshima ya mahali, huku tajiri amekaa hemani. Adabu yake hapa ilikuwa kukaa hemani. Mgeni aliyetoka nje kubishana mwenyewe kwa hasira alimwaibisha mjumbe wake na kupandisha bei. Sasa hongo ni rushwa, na mtoto wa shule akiambiwa kuwa Burton alilipa hongo Ugogo atadhani kuwa Burton alifanya jinai.

Juu ya chakula nitasema kidogo tu, kwa kuwa jambo lenyewe halina fumbo. Posho ilikuwa kibaba cha nafaka kwa siku, au nguo na shanga za kukinunulia, na haikuhesabiwa katika ujira. Tajiri aliyechelewesha posho hakuwa na haki ya kuuliza kwa nini mizigo bado imelala chini. Mzigo wenyewe ulikuwa frasila mbili, yaani kama ratili sabini, ukiacha mkeka, sufuria na silaha za mchukuzi mwenyewe. Kuongeza juu ya hapo baada ya kupatana kulikuwa ni kuvunja neno.

Mfano ulio karibu zaidi na nchi yetu ya kusini ni msafara wa mwaka wa 1879. Chama cha Jiografia cha London kilimtuma Keith Johnston kutafuta njia kati ya Dar es Salaam na maziwa ya Nyasa na Tanganyika. Johnston alikufa Behobeho mwezi wa Juni mwaka ule ule, na msafara ukabaki mikononi mwa msaidizi wake Joseph Thomson, kijana wa Kiskochi mwenye umri wa miaka 21 ambaye hakuwa amesafiri Afrika hata mara moja. Aliyekuwa mkuu wa watu alikuwa Chuma, Myao, yeye aliyekuwa pamoja na Susi na wenzao walipouchukua mwili wa Livingstone kutoka Ilala, alikofariki mwaka wa 1873, mpaka Bagamoyo, walikofika mwezi wa Februari 1874. Basi tuangalie hali ilivyokuwa Behobeho. Kwa karatasi, kijana ndiye tajiri na Chuma ni mwajiriwa. Kwa umri na maarifa na uzoefu wa kusema na watu, mambo yalikuwa kinyume. Thomson alikuwa na busara ya kuona hivyo. Aliendelea mbele, akapita Uhehe na Ubena, akafika ncha ya kaskazini ya Nyasa kisha Tanganyika, na katika kitabu chake cha mwaka wa 1881 hakuficha kuwa Chuma alikuwa nguzo ya safari ile. Hakupita Mlangali yenyewe. Njia yake ilivuka nyanda hizi upande wa kaskazini. Alirudi pwani mwaka wa 1880, na katika watu wake wapatao 150 alikuwa amempoteza mmoja tu. Ukilinganisha na misafara mingine ya miaka ile, hesabu hiyo inashangaza.

Lakini si hesabu hiyo niitakayo hapa, ila kisa kimoja cha njiani. Thomson hakupenda kuwapiga watu fimbo, ambayo ndiyo iliyokuwa adhabu ya kawaida ya misafara. Akaamua, kwa huruma, kuiondoa na kuweka faini mahali pake, yaani mkosaji akatwe katika ujira wake. Alitazamia kuwa watu watafurahi. Wakagoma. Msafara wote ulikataa kwenda na adhabu hiyo mpya, wakataka fimbo irudishwe, na Thomson akalazimika kukubali.

Waliosimulia kisa hiki tangu wakati ule wamekifanya kichekesho: tazama watu wanaopenda kupigwa! Mimi nakiona kuwa ndiyo hati iliyo wazi kuliko zote juu ya adabu ya kuajiri. Ujira ulipatanwa pwani, mbele ya mashahidi, na sehemu yake ilikuwa imekwisha kuliwa nyumbani. Fimbo, hata iwe chungu namna gani, ilikaa ndani ya safari na kuishia ndani ya safari. Mtu aliyepigwa Uhehe alipokea riali zake zote Unguja. Faini ilikuwa kitu kingine. Ilimpa tajiri uwezo wa kuingiza mkono katika mapatano baada ya kupatana, peke yake, akiwa hakimu na mdai kwa wakati mmoja. Leo kosa lingekuwa kuchelewa, kesho lingekuwa kucheka. Watu wale hawakuchagua kupigwa kwa kuwa walipenda kupigwa. Walichagua mkataba. Na Thomson alikuwa mwema, tena mwema kweli. Ndiyo maana kisa chake kina maana kuliko visa vya wakali. Kinaonyesha kuwa huruma ya mwajiri, ikibadili masharti bila kuuliza, huweza kuwa ukiukaji wa adabu.

Fimbo yenyewe nayo ilikuwa na mipaka. Haikuwa halali kumpiga kila mtu, wala kwa mkono wa kila mtu, na mkuu wa watu hakupigwa mbele ya watu wake. Sidi Mubarak Bombay aliwatumikia Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, kisha Cameron. Stanley aliyemkuta Unguja mwaka wa 1871 aliandika kuwa meno yake ya mbele yalikuwa na pengo, na pengo lile lilifanywa na ngumi ya Speke. Speke mwenyewe, katika kitabu cha safari yake, alieleza tukio hilo kwa namna ya mtu anayejitetea, akikiri kuwa kupiga kwa mkono wake mwenyewe kulimshushia hadhi. Kauli hiyo yastahili kuangaliwa. Hasikitikii jino la Bombay. Asikitikia heshima yake. Hata hivyo alijua, kama walivyojua wote waliokuwa wakitazama, kuwa aliyetoka katika mstari siku ile alikuwa tajiri.

Wala tusidhani kuwa Wazungu peke yao walifunzwa kwa njia hii. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip, ametuachia maisha yake kwa Kiswahili chake mwenyewe, nasi tumebahatika kuyapata tena katika chapa ya W. H. Whiteley iliyotoka kama nyongeza ya jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, 1958–59. Humo anasimulia jinsi alivyoajiri wapagazi wa Uzaramo wakatoroka, naye akarudi na bunduki, akawakamata wazee na jamaa zao mpaka akapata watu wa kuchukua mali yake. Kwa tendo hilo, asema, alipewa jina la Kingugwa, kwa kumfananisha na chui. Anasimulia kwa fahari. Lakini jina la kupachikwa na watu waliotendewa ni hukumu, na hukumu ile ilitangulia mbele yake katika nchi. Mtu ambaye huwapati watu wake ila kwa kuwafunga jamaa zao ametoka katika kuajiri.

Baadaye kidogo palitokea wakala. Sewa Haji Paroo, Mhindi wa Bagamoyo aliyekufa mwaka wa 1897, alijenga sehemu ya utajiri wake kwa kuwapatia wasafiri wapagazi na bidhaa za njia. Alipokuwa bado kijana sana alifanya biashara na Stanley, na Stanley alilalamika kuwa amepunjwa. Alitoa sana sadaka kwa hospitali na shule, na jina lake limebaki katika jengo moja la Muhimbili mpaka leo. Mimi nataka kuonyesha jambo moja tu juu ya kazi yake. Pale penye wakala, tajiri na mpagazi hawakutazamana machoni wakati wa kupatana. Mgeni alilipa jumla ya fedha kwa jumla ya watu. Alianza safari bila kujua majina, na adabu ilitakiwa ijengwe upya njiani, kama ilijengwa.

Kuhusu majina: yeyote aliyesoma vitabu vya watu waliosafiri kwa amani ataona kuwa wanawataja wenzi wao kwa majina na kwa tabia, na wale waliosafiri kwa ugomvi huandika hesabu ya vichwa. Upande wa pili nao uliandika, ingawa kwa uchache. Katika Safari za Wasuaheli, kitabu alichokitoa Carl Velten mwaka wa 1901, yumo Selim bin Abakari, aliyekuwa mtumishi wa Mjerumani Bumiller, naye anasimulia safari ya Nyasa na ile ya Urusi na Siberia. Hapa mwenzi wa kulipwa ndiye anayetazama, tena anatazama kwa makini sana. Miaka miwili baadaye, katika Desturi za Wasuaheli, Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, alieleza taratibu za kwenda bara kama zilivyojulikana Mrima. Vitabu hivi viwili husomwa kwa kutafuta mila; wajibu wa bwana wa safari umo pia, kwa asomaye akiuliza swali hilo.

Adabu hii yote ilisimama juu ya jambo moja, nalo ni kuwa mwajiriwa aliweza kutua mzigo akaenda zake. Msafara bila watu ulikuwa lundo la nguo katikati ya pori. Uwezo huo ulipoondolewa, adabu ilikwisha, tena kwa haraka. Wajerumani waliweka kodi na kazi za lazima. Vita vya 1914–18 vilimaliza kilichobaki. Katika vita vile nyanda za Njombe zilikuwa njia kuu ya majeshi. Mwaka wa 1916 jeshi la Northey lilipanda kutoka mpaka wa Nyasa, na Wajerumani walioacha Tabora wakateremka kupitia Iringa mpaka Lupembe. Mwezi wa Oktoba 1918 von Lettow-Vorbeck alipita Ubena akiwa njiani kuelekea Rhodesia ya Kaskazini. Kila jeshi lilihitaji wachukuzi, na kila jeshi liliwakamata. Hapakuwa na mapatano wala mashahidi. Walikufa makumi ya maelfu, wengi wao kwa kuhara, njaa na baridi. Kikosi chao upande wa Waingereza kiliitwa Carrier Corps, jina ambalo vinywa vya watu vilifanya Kariakoo, na hivyo soko la Dar es Salaam linabeba kumbukumbu yao bila wanunuzi kujua. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katika mji huo mwaka wa 1927 inawataja wapagazi katika maandishi yake na kuwafananisha na miguu na mikono ya jeshi. Aliyeyatunga maneno hayo alikusudia sifa. Lakini kirangozi wa zamani alikuwa na kichwa pia, na ndicho alichoajiriwa kwa ajili yake.

Maneno yalishuka pamoja na watu. Mnyampara, mzee aliyesimamia kundi na kusema kwa niaba yake mbele ya tajiri, amekuwa nyapara, msimamizi wa kazi za kulazimishwa na kiranja wa wafungwa gerezani. Amegeuzwa uso, akasimama upande wa pili wa fimbo. Hongo na rubuni tumekwisha kuyaona. Kibarua amekuwa mtu wa kazi ya siku. Posho peke yake ndiyo iliyobahatika: imepanda mpaka ofisini, na wakubwa huipenda kwa jina lile lile. Kirangozi amebaki katika kamusi. Na katika nyanda za Njombe liliingia neno jipya. Vijana wa Ubena na wa wilaya za jirani walioandikwa kwenda kukata mkonge Tanga walirudi wakiitwa manamba, kutokana na namba waliyopewa. Chama cha wenye mashamba kilichoitwa Silabu, kilichoanzishwa mwaka wa 1944, kiliwasafirisha kwa maelfu. Walikuwa na mkataba, tena wa maandishi, wenye muda na ujira uliotajwa. Ila jina la mtu halikuwamo katika matamshi ya mwajiri wake.

Neno mpagazi halikufa. Limebaki lenye nguvu mlimani Kilimanjaro, ambako mgeni apandaye huajiri kiongozi, mpishi na wapagazi, na ambako mambo mengi ya karne ya kumi na tisa yangali hai chini ya majina mapya: nani hutembea mbele, nani huamua kupumzika au kurudi, ujira upi ni wa mapatano na upi ni wa hiari. Mzigo umewekewa mpaka wa kilo 20, ambapo frasila mbili zilikuwa zaidi ya kilo 31, nao hupimwa kwa mizani langoni, hadharani, kabla mtu hajainua kitu. Wapagazi wenyewe husimama kando ya mizani wakiisoma.